Bahari Ndani ya Kabati la Maandazi

Nilikwenda kuchukua cheti changu cha kidato cha nne nikakuta bahari imejaa maandazi. Sipigi fumbo. Shule yetu iko juu milimani Kilolo, mahali ambapo ukungu unaingia darasani bila hodi na kukaa dawati la nyuma kama mwanafunzi mtoro, na katika mwaka mmoja wa maisha yangu shule hiyo ilikuwa na bahari. Ilikuwa bahari ya kweli, yenye maji ya chumvi kutoka Mafia na matumbawe yaliyo hai, ndani ya tangi la kioo kwenye maabara ya baiolojia. Sasa tangi lile liko kwenye duka la shule, juu ya meza yenye mguu mmoja mfupi, na ndani yake kuna maandazi na chapati chache zilizojikunja kwa baridi. Mama muuzaji aliniuliza nataka mangapi. Nikamwambia naangalia tu. Akasema kuangalia hakujawahi kumshibisha mtu, nisogee wenye njaa wapite.

Nilikuwa na Kaduma. Tulikutana getini bila kupangana, mimi nimetoka Mbeya ninakosoma kidato cha sita, yeye ametoka Mgololo ambako anafanya kibarua cha kupakia marobota ya karatasi kwenye malori. Kaduma ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa klabu yetu ya matumbawe. Zamani alikuwa anatembea na kalamu tatu mfukoni kama waziri. Sasa mikono yake imechanika vidoleni, na alipoona lile tangi aliinama akapitisha kidole pembeni mwa kioo, akanionyesha. Alama nyekundu ilikuwepo bado. Rangi ya kucha ya Madam Mwanaidi, mwalimu wetu wa baiolojia. Kidogo tu, kama mtu alijikata akajifuta pale.

Mimi watu wananijua kwa vichekesho. Bwenini kwetu Mbeya nikifungua mdomo kuomba chumvi wanaanza kucheka kabla sijamaliza. Hadithi ya mwaka ule nimejaribu kuisimulia kwa kuchekesha mara nyingi, na inachekesha sana, mpaka katikati. Baada ya hapo huwa nasema nimesahau mwisho.

Nilikuwa kidato cha tatu. Madam Mwanaidi alifika mwezi wa kwanza, mvua ikinyesha, amevaa ndala. Alikuwa mtu wa Mafia, na kwa miaka kadhaa kazi yake ilikuwa ya ajabu kuliko kazi zote nilizowahi kusikia: alikuwa anazamia baharini na kufunga vipande vya matumbawe kwenye kamba, kama mtu anayeanika nguo, vikue pale mpaka vipate nguvu, halafu anakwenda kuvipanda kwenye miamba iliyokufa. Kitalu, kama cha miche ya misindano, misonobari ya huku kwetu, ila kiko chini ya maji na samaki wanapita katikati kama wakaguzi. Mradi uliokuwa unamlipa ukafika mwisho. Akaomba ualimu serikalini, akaandika kwamba angependa kupangiwa ukanda wa pwani. Serikali ikamsoma vizuri ikamleta Kilolo.

Sijawahi kuona mtu anayeonewa na baridi namna ile. Alivaa sweta mbili na juu yake koti, soksi ndani ya ndala, na kichwani mtandio juu ya mtandio. Alifundisha akiwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, hanywi, anajipasha tu. Tulimpenda haraka, nadhani kwa sababu hiyo. Wahehe na Wabena wakimwona mtu anatetemeka hawawezi kukaa kimya. Matroni wetu, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuchunga ng'ombe, alimpelekea blanketi. Wapishi walimpelekea makaa kwenye sufuria kuukuu. Wasichana tulimfumia soksi ambazo hazikulingana. Chumba chake cha mbele kilikuwa kidogo, kina harufu ya karafuu na mkaa, na ukutani alibandika picha moja tu, ya mwamba chini ya maji. Ukienda kupeleka madaftari anakukalisha, anakupa chai ya tangawizi na kitu cha kutafuna, halafu anakuuliza swali lake la siku zote, ambalo kwao ni kama salamu: "Umekula?" Hata kama ametoka kukuona jikoni na sahani mkononi.

Mwezi wa nne, shule ilipofunga, alikwenda kwao. Alirudi na basi la mchana akiwa na deli kubwa, lile la kuwekea barafu, na madumu ya maji, na kimashine kidogo kinachopuliza hewa kwa betri, na kibali chenye mihuri mingi kuliko pasipoti. Tulipokea mizigo yake stendi ya Ilula katikati ya wauza nyanya. Mmoja wao alifunua deli akachungulia, akauliza kama hao samaki ni wa kukaanga au wa kuchemsha. Nikamjibu ni mawe, tunayapika kwa zamu. Madam alicheka. Ndiyo siku niliyojua kwamba akicheka anaziba mdomo kwa kiganja, kama mtu aliyekatazwa.

Tangi lilitengenezwa Iringa mjini na fundi wa vioo na alumini ambaye maisha yake yote alikuwa ametengeneza makabati ya maandazi. Alitazama mchoro wa Madam, akakubali, ila aliuliza mara mbili mlango uwe upande gani. Alipoambiwa hakuna mlango na ndani kutakaa maji, alitutazama kwa huruma. Kwa hiyo, ukitaka kuwa mkweli, tangi lile lilizaliwa likiwa kabati la maandazi, sisi tukaliazima.

Tulipoona matumbawe kwa mara ya kwanza tulisikitika. Tulitegemea nyekundu, zambarau, kama kwenye kalenda. Yalikuwa ya kahawia. Vijiti vya kahawia vyenye ncha zilizopauka kidogo, vimegundishwa juu ya vigae. Nilisema kwa sauti kwamba haya yana rangi ya makande ya juzi, na darasa likapasuka. Madam akasubiri tucheke tumalize. Kisha akatueleza kwa nini yako hapa, na hiyo sehemu naikumbuka neno kwa neno kwa sababu alikuwa ameweka kikombe chini, kitu ambacho hakuwa anafanya.

Bahari ya kwao ilikuwa imepata homa. Maji yalipanda joto yakakaa hivyo wiki baada ya wiki, na matumbawe hayana miguu ya kuhama. Ndani ya mwili wa tumbawe kuna vijimea vidogo sana visivyoonekana kwa macho, ndivyo vinavyolilisha, na joto likizidi tumbawe linavitapika, linabaki na njaa. Kitalu chake kilikuwa kinakwenda kamba moja baada ya nyingine. Lakini kulikuwa na tumbawe moja kubwa, yeye na wazamiaji wenzake waliliita Bibi, ambalo lilishawahi kupita kwenye homa kama hiyo miaka ya nyuma wenzake wakafa wote lenyewe likabaki. Hivi vijiti vilitoka kwa Bibi. Kama Bibi akipona, vijiti vitarudi nyumbani. Kama Bibi akifa, hivi ndivyo vitakavyokuwa vimebaki, na kutoka kwenye hivi ataanza kitalu upya.

Kaduma aliuliza kwa nini ayalete kwenye baridi yote hii. Madam akasema, "Pwani siwezi kuipoza bahari, baba. Huku naweza kupasha sufuria."

Ilikuwa akili kubwa kweli. Kule kwao kupoza maji kunataka mitambo. Huku kwetu kinachotakiwa ni kijiti kimoja cha umeme cha kupashia, na tumbawe linakaa kwenye joto lake sawasawa, mbali na homa yote. Alibandika kipimajoto kwenye kioo, akatoa chupa ya rangi ya kucha, akachora alama. Mshale usipite hapa, alisema. Ukishuka kidogo yatanyong'onyea, tutayaamsha. Ukipita hapa hatuna la kufanya.

Somo la klabu lilikuwa Alhamisi mchana, baada ya maharage. Alichora ubaoni tumbawe hai, pembeni akachora tumbawe lililotapika vijimea vyake, na pembeni tena lililokufa. Alichora vizuri, alikuwa na mkono. Lakini shule ilikuwa na chaki nyeupe tu. Zile za rangi ziliisha kabla hatujazaliwa. Kwa hiyo matumbawe yote matatu yalikuwa meupe, na alichokuwa anasema kuhusu rangi sisi tulikiandika, tukakipigia mstari, na machoni mwetu hakikukaa. Nafikiria sana ile chaki. Kuna watu wanafikiria kuhusu wachumba wao wa zamani, mimi nafikiria kuhusu chaki.

Isitoshe, tumbawe jingine pekee ambalo tulikuwa tumewahi kuliona lilikuwa la Mzee Rajabali. Huyu alikuwa na duka la vitambaa Iringa mjini, duka la tangu enzi za baba yake, na juu ya kaunta, ndani ya kisanduku cha kioo, kulikuwa na tumbawe jeupe kama sukari, limetandikwa kitambaa chekundu. Klabu ilikwenda kumwomba aliondoe, maana Madam alisema watu wakiacha kununua mapambo yale, wanaoyang'oa nao wataacha kung'oa. Hata mtu ambaye hajawahi kuloweka mguu baharini anaweza kusaidia hapo. Mzee Rajabali alitupatia soda. Akasema lilikuwa la marehemu mkewe, waliletewa zawadi ya harusi, na kila Ijumaa mkewe alikuwa analiosha kwa maziwa libaki safi hivyo. Tulikunywa soda, tukalitazama lile tumbawe, na ukweli ni kwamba lilikuwa zuri mno. Njiani Kaduma alisema kwa sauti ndogo kwamba ya kwetu yangekuwa safi kama lile, watu wangeyaheshimu.

Kazi kubwa ya klabu ilikuwa wakulima. Vijito vyetu vyote vinashuka Ruaha, Ruaha inaingia Rufiji, na Rufiji inamwaga kila kitu baharini karibu na Mafia. Udongo wa bustani zetu ukisombwa na mvua unakwenda kuyafunika matumbawe kama vumbi kwenye vidonda, na dawa za nyanya zinafuata nyuma. Madam alisema mtu wa Kilolo anaishi ufukweni, ila hajaambiwa. Tulizunguka mabondeni, kwenye vinyungu, zile bustani za kiangazi kandokando ya mito, tukiomba mambo mawili madogo: waache ukanda wa majani kati ya tuta la mwisho na maji, na wasioshee mabomba ya dawa mtoni. Mimi ndiye nilipewa kusema, kwa sababu ya mdomo. Baba Tulizo, ambaye bustani yake ilikuwa chini ya shule, alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameegemea jembe. Akanisalimia kwa lugha ya kwetu, "Kamwene, mwanangu. Hao samaki wa Mafia wananunua nyanya?" Nikasema hapana, baba, wanakula chumvi tu. Akasema basi nimwambie mwalimu awaambie samaki wahame, kwa sababu yeye ukanda ule analipia ada ya watoto. Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka, maana alikuwa amenishinda kwenye fani yangu. Ila wiki iliyofuata aliacha majani kama hatua mbili pembeni mwa mto. Alisema ni ya mbuzi.

Njiani kurudi Kaduma, ambaye hakujua kuuliza maswali mepesi, alimuuliza Madam kama wakulima wote wa mkoa wakifanya hivi, bahari itapoa. Madam akasema hapana. Kaduma akauliza, sasa? Tulikuwa tunapanda kilima, Madam anahema kama treni, akasimama, akasema moshi unaoipasha bahari unatoka duniani kote na sisi hatuna bomba la kuuzima. Tunachoweza ni kuifanya bahari iwe na ugonjwa mmoja badala ya miwili. Akaendelea kupanda. Nikakosa mzaha wa kuweka hapo, na nilitafuta.

Mwezi wa saba ndio mwezi ambao Kilolo inakuwa siyo Tanzania. Asubuhi majani yanavunjika ukikanyaga, maji ya bomba yanauma meno, mstari wa uji unaonekana kama watu wanaovuta sigara. Wazamiaji wa Mafia walimpigia Madam kwamba Bibi ameanza kubadilika, wasijue kama anapona au anakwenda. Akaomba ruhusa aende akaangalie mwenyewe. Alituachia tangi. Alituonyesha tena alama nyekundu, akatuonyesha jinsi ya kuweka chupa za maji ya moto endapo umeme utakatika, moja, siyo zaidi ya moja kwa wakati, na kukoroga maji taratibu ili yapate hewa. Alimkabidhi Matroni simu ya klabu, kwa kuwa wanafunzi haturuhusiwi simu. Alipopanda gari alikuwa amevaa sweta moja tu, anakwenda kwenye joto, na tulimwona uso wake umefunguka kama mtoto.

Siku ya pili transfoma ililipuka. Umeme ukaondoka shule nzima, na tukaambiwa mafundi watatoka Iringa wakipata gari. Mwanzoni tulifanya kama tulivyoagizwa. Chupa moja. Kukoroga kwa mwiko wa jikoni, kwa zamu, na mimi nilikuwa natangaza zamu kama mtangazaji wa mpira: anaingia Kaduma, anachukua mwiko, anakoroga, bahari inachafuka. Lakini kipimajoto kilikuwa kinashuka. Jioni vijiti vilikuwa vimejikunyata, vile vinyweleo vyake vya kulia chakula vimeingia ndani, na ukiweka mkono kwenye kioo unahisi ubaridi unakurudia. Matroni alikuja kuangalia. Alisimama pale, mikono kiunoni, akatazama vile vijiti vya Mafia ndani ya maji baridi, na wote tulijua anamwona nani. Tulikuwa tumemwona mtu wa pwani akitetemeka mbele yetu tangu mwezi wa kwanza.

"Hawa ni watoto wa pwani," alisema. "Mnawatesa. Leteni jiko."

Sijui nikuelezeje kama hujakulia huku. Huku kwetu mtu akiumwa anapashwa. Akifiwa anapashwa. Mtoto akizaliwa moto hauzimwi ndani ya nyumba. Hakuna mtu katika shule ile, kuanzia mkuu wa shule mpaka mlinzi, aliyewahi kuona kiumbe kikifa kwa joto. Tuliweka jiko la mkaa chini ya meza, la pili pembeni. Wapishi wakaleta maji ya moto, chupa moja ikawa nne, kisha ndoo. Wasichana tukaleta mablanketi ya vitandani mwetu tukalizungushia tangi pande zote, tukalala na kanga. Vioo vya madirisha ya maabara vilivunjika zamani, na hiyo ndiyo sababu wakorogaji hawakufa kwa moshi wa mkaa. Kaduma alifunua blanketi mara moja akasema mshale umefika kwenye alama. Matroni akamwambia arudishe blanketi, baridi inaingia. Baadaye akafunua tena, akasema umepita. Matroni akaingiza mkono kwenye maji mpaka kiwiko, akaukaza uso kama anapima maji ya mtoto mchanga, akasema yako vizuri, hata yeye angeoga. Kaduma alitazama alama, akamtazama Matroni. Akarudisha blanketi. Mimi nilisema kama matumbawe yana bahati hivi na mimi naomba nizaliwe jiwe, na wote tukacheka, tumelizunguka tangi kama watu wanaotengeneza chakula cha sherehe, nyuso zinawaka, na nasema kweli kwamba sijawahi kuona shule ile ikiwa na upendo namna ile.

Jumapili, watu walipotoka ibadani, tulifunua mablanketi.

Yalikuwa meupe. Yote, mpaka kwenye vikonyo, meupe ya kung'aa, kama la Mzee Rajabali, kama ya ubaoni. Msichana mmoja wa kwaya akaanza kupiga vigelegele. Ule ukahawia wa makande ulikuwa umeondoka. Yametakata, watu walisema, yamepona, yamekuwa kama mapya. Kaduma alifumba macho akashukuru, nilimwona midomo ikicheza. Mkuu wa shule aliitwa, akaja na suti yake ya kanisani, akatushika mikono mmoja mmoja. Matroni akatoa simu, akatupanga, wafupi mbele, tangi katikati, akasema tucheke, kana kwamba kulikuwa na haja ya kutuambia. Kila mtu amenyoosha dole gumba. Mimi nimelaza kichwa juu ya kioo kama mtu amelala kwenye mto. Matroni akaituma kwa Madam, akaandika chini yake kwamba watoto wako wamepata joto wamependeza.

Tulisubiri tumemzunguka. Alama za kusomwa zikageuka bluu. Ikaandikwa kwamba anaandika. Ikakoma. Ikaandikwa tena, ikakoma. Nikasema anatafuta maneno ya kutusifia, Kiswahili cha pwani kina maneno mengi. Kisha jibu likaja.

"Nimeiona. Mmekula?"

Matroni alisoma kwa sauti, akaweka simu kifuani. Akasema huyo ndiye mwalimu, yuko mbali huko na bado anawaza matumbo yenu.

Alirudi katikati ya wiki. Umeme ulikuwa umesharudi, kijiti cha kupashia kikifanya kazi, mshale umetulia chini kidogo ya alama mahali pake, kila kitu sawasawa. Alikunja mablanketi moja moja na kuyapanga juu ya stuli, akiyanyoosha pembe. Kwenye vile vijiti vyeupe kulikuwa kumeanza kuota utando wa kijani, na sisi tulidhani ni dalili nzuri, majani. Alituuliza tu nani alilala bila blanketi, tukanyoosha mikono, akasema ahsanteni.

Alhamisi, baada ya maharage, aliingia klabu bila kikombe na bila chaki. Akasema leo sichori. Akasema ule weupe ni mfupa. Tumbawe likizidiwa na joto ngozi yake inabaki kioo, ukiliangalia unaona mfupa tu, na ya kwetu hata ngozi haikubaki. Alisema polepole, bila kumtazama mtu yeyote, na hakutaja jiko wala mablanketi. Kaduma ndiye aliyeuliza habari za Bibi. Madam akasema alizamia asubuhi ile ya Jumapili. Bibi alikuwa ameshafunikwa na mwani, samaki wameondoka, hata pweza aliyekuwa anakaa chini yake hayupo. Alipanda juu, akakaa mchangani, nywele zinachuruzika, akawa anajiambia si kitu, kuna wale wa Kilolo. Ndipo simu ikalia ndani ya mkoba.

Nje kulikuwa na watu wanapasua kuni. Madam akanigeukia mimi.

"Atu. Leo huna la kusema?"

"Sina, Madam."

"Basi na mimi sina," akasema, akakaa kwenye dawati la mbele pamoja na sisi, na tukabaki tumetazama ubao mtupu mpaka kengele ilipolia.

Aliendelea kufundisha mpaka mwisho wa mwaka. Alitufundisha seli, alitufundisha mmeng'enyo wa chakula, tukafaulu. Alikaribisha watu chai kama kawaida. Lakini ile picha ya ukutani aliitoa, palibaki mraba safi kuliko ukuta wote, na bahari haikutajwa tena. Klabu haikufungwa, iliacha tu kukutana. Mwezi wa kumi na mbili alihamishiwa Tabora, mbali na bahari kuliko hata sisi, na alipouliza wenzake kukoje alifurahi kusikia angalau kuna joto. Mwaka huu niliongea naye kwenye simu. Niliuliza kama wamewahi kuanza kitalu kingine. Akasema maji yamepanda joto tena tangu wakati ule na wazamiaji wenzake wamegawanyika, mmoja anaendesha bodaboda. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Picha ninayo. Matroni alinirushia nilipomaliza shule. Wenzangu wa Mbeya wameiona, mmoja aliipenda akaiweka mbele ya simu yake, anasema hajawahi kuona watu wengi kiasi kile wakiwa na furaha ya kweli kwa wakati mmoja. Aliniuliza tulikuwa tumeshinda nini. Nikamwambia mashindano ya kupika. Akasema inaonekana.

Siku ile ya cheti, mimi na Kaduma tulishuka kwanza mpaka mtoni. Bustani ya Baba Tulizo imepanuka, na zile hatua mbili za majani zimebaki kama moja, mbuzi amefungwa katikati yake. Mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Juu kidogo kijana mmoja alikuwa anasuuza bomba la dawa, akatusalimia kwa adabu, tukaitikia. Kaduma alitaka kumwambia kitu, nilimwona akivuta pumzi. Kisha akaitoa hivyohivyo.

Tukarudi kwenye duka la shule kwa sababu njaa ilikuwa inauma na hapakuwa na kitu kingine. Kaduma aliniuliza kama nimekula, akasikia maneno yake mwenyewe, akatazama pembeni. Alinunua maandazi, tukala tumesimama. Yalikuwa yamepoa, magumu. Nilimwambia mama muuzaji kwamba maandazi yake yanaweza kujenga ukuta, na yeye akacheka, akasema nisubiri dakika. Akatoa mengine kutoka jikoni, yanafuka moshi, akayamwaga ndani ya tangi juu ya yale ya zamani. Kioo kikaingia ukungu. Halafu akainama chini ya meza akachomoa blanketi la bwenini, lile la kijivu lenye mistari, akalizungushia tangi pande zote, akalibana kwa pini, alama nyekundu ikapotea ndani.

"Huku kwetu, mwanangu," akasema, akipigapiga blanketi kama mgongo wa mtoto, "kila kitu kinataka joto."